Aliyekuwa Ndani ya Mkia

Ikupa aligonga mlango wa banda kwa spana, akasubiri barafuni. Ndani akasikia viatu vikiburuzika haraka, kisha bati likalia: yule mwingine ameshaingia mkiani mwa ndege. Hapo ndipo Ikupa aliposukuma mlango akapita, macho chini.

Ndivyo walivyofanya majira yote ya baridi. Hawakuonana, hawakusemezana. Mmoja tumboni mwa ndege, mmoja nje, bati katikati yao.

Miguu ilimwuma. Tangu alfajiri alikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee kule Inver Grove Heights, Minnesota, akinyanyua watu wazito kuliko yeye. Alivua koti, akakaza kitambaa cheusi kichwani, akaweka sufuria ya wali na maharage juu ya sanduku la vifaa. Chakula kile kingeliwa akishaondoka. Kesho angeikuta sufuria imeoshwa, imefunikwa vizuri.

Kisha akashika mashine ya ribiti, ile misumari ya kushikiza bati.

Ribiti moja ni kazi ya watu wawili. Wa nje anapiga, wa ndani anakinga kwa kipande cha chuma. Kwa kuwa hawaonani, huambizana kwa kugonga bati. Gonga moja, imeshika. Gonga mbili, rudia. Edson, mumewe, ndiye aliyemfundisha Ikupa, miaka ile walipoinunua ndege ikiwa chuma chakavu tu, ndege ya kufundishia marubani wa Vita vya Pili vya Dunia, wakaiunda Jumamosi kwa Jumamosi. Edson aliipenda ile ndege kama mtoto. Ikupa aliipenda kwa sababu Edson aliipenda.

Septemba ya mwaka tisini na tano, wakati wa kutua, upepo wa ubavuni uliikamata. Ikatoka njiani, ikapinduka mtaroni. Mkia ukakunjika, injini ikafa. Wazima moto walikata bati ndipo wakamtoa Edson. Tangu siku ile Ikupa hakuisikia tena sauti ya mumewe.

Ikupa alitaka mabaki yauzwe yaishe. Ni Redempta, rafiki yake wa mtaa wa Frogtown, aliyemletea ujumbe: "Mgeni wangu amesema nikwambie, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ameomba ufunguo wa banda."

Ikupa akautoa ufunguo, ukapitia mkononi mwa Redempta.

"Mama we, mtaendelea hivi mpaka lini?" Redempta alimkebehi. "Kwangu anakula, analala, anakoroma mpaka mume wangu amehamia sebuleni. Na wewe kumwachia wali juu ya sanduku, kama unalisha paka wa jirani. Si umsemeshe tu!"

"Siwezi."

"Minnesota hii nani anakuona?"

"Najiona mwenyewe."

Leo palikuwa na mgeni bandani. Mama mmoja wa Kimarekani, Susan, alikaa kwenye kiti cha kukunja na kahawa yake. Alitoka kwenye mfuko unaosaidia kufufua ndege za zamani. Mfuko ukikubali kulipia injini, ndege itaruka. Ukikataa, mwenye banda anataka nafasi yake mwisho wa mwezi, na watu wa vyuma chakavu walikuwa wameshaanza kuja kuichungulia.

Jioni Susan akainuka, akapapasa safu ya ribiti kwa kidole.

"Kazi yenu safi," alisema. "Injini tungeilipia. Lakini nimekaa hapa tangu mchana sijasikia neno. Maombi yenu yana majina mawili, Mwakalinga na Mwakalinga, na anwani mbili. Wewe Hopkins, mwenzako Frogtown."

"Ndiyo."

"Niliwahi kuwapa fedha mume na mke wa namna hii. Walipoachana waligawana ndege kama kuku. Huyu bawa, yule mkia."

Ikupa hakucheka. Ndani ya bati pakagongwa mara mbili, bila subira. Akarudia ribiti. Pakagongwa mara moja.

"Unaona?" Susan akasema. "Hata sasa! Mwite atoke. Mtazamane, mzungumze mbele yangu, mniambie kwamba mtafika mwisho pamoja. Nikiliona hilo, natia saini leo hii. La sivyo, naondoka na kalamu yangu."

"Kazi hii huioni?"

"Kazi naiona. Watu ndio siwaoni."

Uchovu wa siku moja huondoka kwa kulala. Huu wa Ikupa ulikuwa umejenga mifupani. Ingekuwa rahisi namna gani! Hatua chache mpaka kwenye mlango mdogo chini ya mkia, ainue macho, aseme neno moja. Injini ingekuja. Ndege ingeruka. Naye angepumzika.

Akaweka mashine chini. Akaenda. Akainama kwenye ule mlango, akaona ncha ya kiatu, na kiatu kikarudi gizani kwa hofu, naye akageuza uso kama aliyechomwa na moto.

Akasimama pale, ameupa mkia mgongo, mkono kinywani.

Susan akauokota mkoba wake. Sauti yake ilikuwa ya huruma sasa. "Pole, mama. Kumbe mmeshaachana."

"Mume wangu tulimzika Oktoba," Ikupa alisema, polepole, ili wa ndani asisikie sauti ikikatika. "Huyo ni baba yake. Kwetu mke hatazamani na baba mkwe, wala hasemezani naye. Tangu niolewe sijawahi kumwona uso."