Ukungu wa Soseji

"Kifungeni kile kiwanda leo hii!" Ngumbao alipiga kelele, akalibwaga fundo la kanga juu ya meza ya daktari.

Ndani mlikuwa na soseji nene, nusu imeliwa, ngozi yake nyeupe kutoka ncha hadi ncha.

"Baba, hapa ni hospitali, si bucha," alisema muuguzi Kavumbi. Hakuna aliyecheka. Kitandani, Kabibi, bintiye Ngumbao, alikuwa akitokwa na mate kama mtoto anayeota meno, na kifua kikikoroma.

Ndiye pekee aliyebaki. Mamake, Nyevu, alifia Ganze mwaka wa njaa, kwa mahindi ya msaada yaliyoota ukungu. Wakubwa wa serikali walikuja na magari yao, wakayatazama yale mahindi, wakasema yanalika. Wao hawakuyala.

Sasa Kabibi alikuwa ameajiriwa Malindi kwa Mtaliano, kutengeneza soseji kavu. Nyama mbichi huchachushwa, ikatundikwa wiki na wiki mpaka ikauke. Asubuhi hiyo alikuja nyumbani likizo, mkononi soseji moja. Ngumbao alipoona weupe ule alimsihi aitupe.

"Baba nawe na ukungu wako!" binti alimcheka. "Ndivyo inavyotakiwa. Hata wakaguzi wameipitisha."

Wakaguzi! Hao hao.

Daktari Phoebe aliinua kope za mgonjwa. Mboni zilikuwa zimenywea kama tundu la sindano.

"Nyumbani mna dawa ya kuogeshea ng'ombe?"

"Ng'ombe niwatoe wapi? Wamekwisha kwa ukame, serikali yatazama."

"Ya kupulizia mboga?"

"Mboga kwa maji gani? Daktari, waniuliza mambo ya shamba na muuaji yupo mezani!"

"Ukungu wa soseji hizi hupandwa makusudi, baba. Hauna neno."

"Ndivyo walivyosema juu ya mahindi!" Alipiga magoti, akashika mguu wa kitanda. "Nimeshazika mmoja. Msinizikishe wa pili."

"Dawa za kumwokoa ziko aina nyingi. Sharti nijue ni sumu gani iliyomwingia."

Daktari alivaa glavu, akapitisha kidole juu ya soseji. Ukungu ulikuwa umeng'ang'ania ngozi, lakini juu yake kulikuwa na kitu kingine, laini, kikavu, kikatoka na kidole kama poda ya mtoto. Alikinusa, akarudisha kichwa nyuma upesi.

"Na huu unga, baba?"

Ngumbao alijifuta machozi kwa kiganja.

"Ah, huo usikutishe. Hiyo ni dawa ya mahindi ya ghalani. Inaua mdudu dumuzi, itashindwa na ukungu? Niliinyunyiza mwenyewe alipokwenda kuoga, maana nilijua hakuna mkubwa atakayemlinda mwanangu."