Abiria wa Magunzi

"Na hii?" Bi Romana aliuliza, kidole kikiwa juu ya kizibo cha soda.

"Tairi," akasema Dativa.

"Na ile ya mviringo, kule mbele?"

"Usukani, bibi."

Bi Romana alikaribia kulia. Mtoto huyu wa miaka minne alikuwa bubu tangu gari la baba yake lilipopinduka njia ya Milola na kumuua mama yake. Dereva alikuwa Leonadi, mwana wa pekee wa Bi Romana. Aliumia kichwa, akazindukia hospitalini hakumbuki chochote. Klementi, baba yake Dativa na tajiri wa Leonadi, ndiye aliyemsimulia yaliyotokea. Leonadi akalia, akakiri kosa, akafungwa.

Tangu hapo Bi Romana alijiona kama ameua kwa mkono wake mwenyewe. Arobaini ilipopita alipiga hodi kwa Klementi, pale Mtanda, akaomba ruhusa ya kumfundisha mtoto kusema. Alikuwa ameona kwamba Dativa hageuzi shingo ila gari likipita. Akamtengenezea la boksi, tairi za vizibo, abiria magunzi ya mahindi. Walianza na mlio wa honi tu. Mwezi wa pili likaja neno "taa". Mwezi wa nne, "gari linakwenda".

Klementi hakuwahi kumtupia neno baya, na upole huo ndio uliomchoma zaidi Bi Romana. Laiti angemtukana hata mara moja.

"Usijichoshe, mama," alimwambia tena asubuhi hiyo, amesimama mlangoni. "Asiposema, basi. Mimi nimeridhika."

"Acha nilipe ninachoweza, baba."

Alimgeukia mtoto. Siku hiyo alitaka maneno mengi kwa mpigo. "Haya, mjukuu wangu, pakia abiria wako. Nani anakaa wapi?"

Dativa aliweka gunzi jembamba mbele, pembeni. "Mama." Juu yake akaweka dogo. "Mimi."

Gunzi refu akalilaza nyuma. "Anko Leonadi kalala."

Bi Romana aliona aibu kumsahihisha, lakini kufundisha ni kufundisha. Akalichukua lile refu, akalisogeza taratibu kwenye usukani. "Anko Leonadi anakaa hapa, mama. Yeye ndiye dereva."

Mtoto akamnyang'anya, akalirudisha nyuma, akalilaza vilevile. Kisha akaokota gunzi la mwisho, akalipachika kwenye usukani na kutazama mlangoni.

"Hapa baba."