Anayefika Kwanza

Natalia alivuka mstari wa mwisho kwanza, kama kawaida, na kama kawaida spika za uwanjani zikaita jina la Magdalena.

Hapakuwa na cha kubishana. Tairi lake ndilo lililotangulia kugusa ile chokaa, Kilosa nzima ikiona, na bado watu wakamkimbilia Magdalena. Wakamkumbatia, wakamvisha khanga shingoni. Natalia akabaki ameshika usukani wa baiskeli kama mlinzi.

Ilikuwa hivyo Morogoro. Ikawa hivyo Dodoma. Miaka mitatu ya ubingwa wa mbio fupi za uwanjani, na kila picha ya gazeti Natalia ndiye aliye mbele, lakini chini ya picha limeandikwa jina moja tu. Kule Mikumi, mwenye saluni ya pale yanapoegeshwa malori alimchora Magdalena ukutani, mkubwa kama mlango, na miwani yake myeusi. Natalia hakuchorwa hata kidole.

Na hiyo asubuhi ilikuwa nusu fainali tu. Fainali ilikuwa saa kumi jioni, na atakayeshinda angekwenda Misri, kwenye uwanja wa mbao ulioinama pembeni kama bakuli.

Mchana wakarudi nyumbani kwa bibi kula.

"Shikamoo, bibi," Natalia akasema.

"Marahaba. Bingwa wangu yuko wapi?"

Hata hakugeuka kumtazama. Wote wawili ni wajukuu zake, mama zao ni ndugu, wamelala kitanda kimoja tangu wadogo. Lakini paja la kuku lilikwenda kwa Magdalena. Natalia akapata shingo, akaila taratibu, kila mfupa ukimkwama rohoni.

Mtangazaji wa redio naye akaja mpaka uani, akataka kujua siri ya ushindi. Magdalena akamwambia siri ni Natalia, maana yeye yuko mbele, na kazi yake Magdalena ni kumfuata tu. Watu wakacheka, wakasema bingwa huyu ana utani. Natalia akahisi uso unawaka. Mwenzake alikuwa anajishusha, na kadiri alivyojishusha ndivyo walivyozidi kumpandisha.

Saa tisa wakaanza kurudi uwanjani, wameshikana mikono kama walivyozoea tangu shule ya msingi.

"Una hasira," Magdalena akasema.

"Nani kakwambia?"

"Ndala zako. Leo unaziburuza."

Natalia akaacha kuziburuza. Njia nzima alikuwa na wazo moja, na kila hatua lilizidi kunoga. Leo hatakaza. Mzunguko wa mwisho atailegeza miguu, wale wa Dodoma wapite. Misri itakufa, sawa, ife. Lakini jina hilo halitaitwa, na watu watajua ni miguu ya nani iliyokuwa inashinda siku zote.

Kocha wao, Ditram, fundi wa kuchomelea aliyewaundia baiskeli kwa mikono yake, akawakumbusha mambo yaleyale. Mizunguko mitatu. Miwili ya kwanza mnaviziana na wenzenu kama paka, wa mwisho ni kufa na kupona.

Wakaviziana. Wa Dodoma wakapunguza mwendo, Natalia naye akapunguza, mpaka watoto waliokaa kwenye nyasi wakawa wanazomea. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Wa Dodoma wakachomoka upande wa nje, vumbi likaruka.

Natalia akailegeza miguu. Hakusukuma hata kidogo. Akaiacha tu, imelala juu ya pedali, akasubiri mwendo ufe.

Mwendo haukufa.

Pedali zikazunguka. Zikazidi. Zikaibeba miguu yake juu na chini, juu na chini, haraka kuliko alivyowahi kuzizungusha mwenyewe. Upepo ukamtoa machozi. Wa Dodoma wakarudi nyuma kama wamefungwa kamba. Akadhani mnyororo umepagawa.

"Umechoka?" sauti ya Magdalena ikauliza, palepale nyuma ya mgongo wake, bila hata kuhema sana. "Pumzika basi, hata asubuhi nilisukuma mwenyewe. Wewe niambie tu kona inaanza wapi."

Natalia akatazama chini. Miguu yake ilikuwa inazungushwa kama ya mtoto aliyebebwa, na aliyekuwa anaizungusha amekaa kwenye tandiko la pili la baiskeli hiyohiyo ndefu, msichana wa miwani myeusi ambaye hajawahi kuona hata uwanja mmoja kati ya vyote alivyoshinda.

Kona ilikuwa inakuja.

"Kushoto," Natalia akasema. "Kushoto, sasa."