Nyuki na Mplamu Usiozaa

Bondeni palikuwa na Nyuki asiyejua kutulia. Kilichomkera kuliko vyote ni mplamu mwekundu: kila mwaka maua tele, tunda hata moja hakuna.

"Mti huu unataka chavua ya aina nyingine," alimwambia Paa. "Ng'ambo kuna mplamu wa njano. Naenda kuileta."

Paa, mwenye hadhari zake, akaacha kutafuna. "Dada, huo mti umekuomba?"

"Sasa nikae tu niutazame?"

"Ndiyo, kaa. Maua madogo ya nyasini yanakutosha mwaka mzima."

Nyuki alikuwa amesharuka. Alikwenda na kurudi mpaka mbawa zikamuuma, na mplamu ukazaa mpaka matawi yakainama. Fungo, mnyama mlafi mfano wa paka, akala matunda, akazurura, na kila alipojisaidia aliacha kokwa. Kokwa zikaota. Miaka ikapita, bonde likawa miplamu mitupu, na chini ya kivuli chake nyasi zikafa pamoja na maua yake. Paa akahama.

Nyuki akamwendea Fungo. "Kaka, acha kula, tunakufa njaa!"

"Wewe upike, halafu mimi nisile?" Fungo akajibu, akijilamba midomo.

Nyuki akaapa hatagusa tena ua la mplamu. Mvua zikanyesha, miplamu ikachanua, bonde zima likawa jeupe, na ua lingine halikuwapo popote. Mzingani watoto walikuwa wakilia njaa. Nyuki akaruka mti hadi mti, akinyonya huku akijilaani, na kila alipotua aliacha chavua ya mti uliopita.

Chini, Fungo alikuwa ameshakaa, anasubiri.