Magunia Matano Kila Ijumaa

Ijumaa ya kwanza Mwinjuma alipokosekana msikitini, watu waliambiwa goti limemkamata. Ijumaa ya tano goti lilikuwa bado halijapona, ingawa siku nyingine zote aliizunguka Temeke nzima bila kuchechemea, akiwatuliza wafanyabiashara wenziwe.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Korea, na bei ya mbata, nazi zilizokaushwa, ilikuwa imepanda kuliko mtu yeyote alivyokumbuka. Kila mwenye akiba alikuwa amejaza ghala. Lililowaumiza kichwa ni jinsi ya kuuza kabla bei haijaanguka.

"Mie nauza zote siku moja," alisema Gaspar, mwalimu wa zamani kutoka Bukoba, aliyeacha chaki akashika mizani. "Nafunga mlango, nalala usingizi."

"Ukimwaga magunia mia siku moja, Mwalimu, bei utaiua mwenyewe," Mwinjuma alimjibu mbele ya wote. "Na haraka ya nini? Itapanda mpaka mwakani. Mie sigusi gunia langu hata moja."

Gaspar akamwamini. Wote walimwamini, Mwinjuma alikuwa na ndevu za kuaminika.

Kumbe alikuwa akiuza. Alikuwa na magunia sitini, akitoa matano kila Ijumaa, saa ya sala, njia ikiwa haina mtu. Jamali dalali alifika na mkokoteni, akalipa taslimu, akapakia.

"Mnunuzi ni nani?" Mwinjuma aliuliza siku moja.

"Hataki kutajwa. Ana imani sana na mbata."

Mwinjuma alicheka mpaka akasahau kushika goti.

Mkewe, Zuena, hakuambiwa kitu. Mdomo wa mwanamke, Mwinjuma alijisemea, ungeangusha bei kabla ghala halijaisha. Ufunguo aliuvaa shingoni, na bahati nzuri kila Ijumaa mkewe alikwenda kumtazama mama yake Kiwalani. Mara moja tu, akimwandalia chakula, Zuena aliuliza, "Baba Shomari, kweli itapanda mpaka mwakani?"

"Umewahi kunisikia nasema uongo?"

Zuena akaweka sahani mkekani. Mikono yake ilikuwa mitupu. Bangili, alisema, ziko kwa sonara zinasafishwa.

Ijumaa ya kumi na mbili, magunia ya mwisho yakatoka. Jumatatu bei ikaanguka kwa nusu. Jumatano wenye maduka mjini hawakutaka hata kuitazama mbata.

Gaspar alikuja akakaa kibarazani kwa Mwinjuma, magunia yake mia yakiwa bado ghalani. Mwinjuma akamshika bega.

"Tumeumia sote, Mwalimu," alisema, na sauti ikatetemeka vizuri, kama alivyoitaka.

Alipoingia ndani akajiachia kucheka. Kisha akamwona Zuena ameketi kitandani, macho yamemvimba kwa kulia. Akamhurumia, akaona sasa hakuna hasara kumwambia.

"Nyamaza, mke wangu. Ghala letu tupu. Niliuza zote kabla bei haijaanguka, wala hapana aliyejua. Sie hatuna hata gunia moja."

Zuena akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Nimeuza bangili," alisema. "Nikauza na shamba aliloniachia marehemu baba. Si ulisema itapanda? Yapo kwa mama, Baba Shomari. Magunia sitini. Jamali ndiye aliyenitafutia."