Mama wa Mapacha Mara Mbili

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, aliingia na kijitabu kilichogawiwa jana kwenye mkutano wa kata. Kiliandikwa na binti mtafiti aliyekuja Kiruruma mwaka jana, kuwauliza wanawake habari za vipigo nyumbani.

Binti mwema. Alinisaidia kumenya ndizi, akaahidi kwamba jina la mwanangu Adventina halitaandikwa popote.

"Shikamoo, mama. Nisomee hapa."

Nilisoma, kidole kikifuata mstari. "Mama aliyezaa mapacha mara mbili anamwogopa mumewe. Anasubiri mapacha wadogo waache kunyonya, aondoke nao."

Jina halikuwapo, kweli. Lakini Kiruruma nzima, aliyezaa mapacha mara mbili ni mmoja.

Nilimsogezea kibakuli cha kahawa ya kutafuna, tunayomkaribishia mgeni. Siku zote huipokea kwa mikono miwili. Leo hakuigusa.

Aliwatazama wale wadogo waliolala mkekani. Nimekaa nao wiki mbili, nikiwaachisha ziwa.

"Wameshazoea uji?"

"Wamezoea, baba."

"Adventina yuko njiani kuja kuwachukua," alisema, akakaa karibu na mlango. "Amebeba mzigo mkubwa wa nguo."

Huko migombani, mwanangu akabisha hodi kwa furaha.