Boga Hupandwa kwa Kukaa

Gari la kuwapeleka walimu wa kujitolea wa bustani lilikuwa limekwisha kuwashwa, na Nambua bado yuko chini, anamalizia mtihani wa mafunzo. Akifaulu, atapelekwa kufundisha kwao milimani, ambako hajakanyaga tangu aolewe. Akakaa kitako, akafukia mbegu ya boga.

"Mama, mbona umekaa?" akauliza mkufunzi, Bwana Sengasu.

"Kwetu boga hupandwa hivi. Ukisimama, linakimbilia majani tu."

"Hilo mimi sikukufundisha."

"Basi hujafika kwetu."

Garini wakacheka. Mkufunzi hakucheka, akalikata jina la Nambua kwenye orodha.

Gari likaondoka. Wenzake wanafundisha huko hadi leo. Sengasu alihamishwa, na jina lile hakuna aliyelirudisha. Nambua anafundisha majirani nyuma ya soko la huku alikoolewa, na husimama pale panapoonekana milima ya kwao.